Ikigai na Lengo la Maisha: Mafunzo ya Wajapani Katika Mizani ya Muislamu



Katika miaka ya karibuni neno la Kijapani ikigai limeenea sana, na vijana wetu hulikuta kila siku katika simu zao. Wapo wanaouliza kama yafaa Muislamu kuyasoma mafunzo hayo. Wapo pia, khaswa waliomaliza masomo na wangali hawajapata kazi, ambao mafunzo hayo yamewazidishia huzuni. Kwa hivyo ni vyema kwanza tujue neno lenyewe lasema nini, kisha tulipime kwa mizani ya dini yetu.

Neno hili lina sehemu mbili: iki, yaani kuishi, na gai, yaani thamani. Maana yake ni kile kinachompa mtu sababu ya kuyaona maisha yake kuwa yana thamani. Mjapani wa kawaida alitumiapo, mara nyingi hakusudii jambo kubwa. Mjukuu, bustani ya mboga, kazi ya mikono, au mazungumzo na jirani, kila kimoja chaweza kuwa ikigai ya mtu.

Wengi wetu hatukulijua neno hili kwa njia hiyo. Tulilijua kwa mchoro wa duara nne: unachokipenda, unachokiweza, ulimwengu unachokihitaji, na unacholipwa. Mchoro huo haukutoka Japani. Mnamo 2014 Marc Winn aliuchukua mchoro uliokuwa umetungwa na Mhispania Andrés Zuzunaga, akaliandika neno ikigai katikati yake. Hapo ndipo kijana asiye na mshahara anapodhani kuwa maisha yake hayana lengo. Kwa kipimo hicho mama anayelea watoto na kumuuguza mkwewe bila ya malipo hana lengo, na muadhini anayeadhini kwa kutaka thawabu hana lengo. Kipimo kinachowatoa watu hawa si cha kutegemewa.

Wajapani wenyewe waliliandikia jambo hili kwa kina zaidi. Daktari wa maradhi ya akili, Bi. Mieko Kamiya, aliyeishi kati ya 1914 na 1979, alitoa kitabu chake juu ya ikigai mnamo 1966. Alikuwa amewahudumia wagonjwa wa ukoma katika hospitali ya Nagashima Aiseien, kisiwani, ambako wagonjwa walitengwa na jamaa zao. Aliona kwamba wako waliokata tamaa na kuyaona maisha kuwa matupu, na wako wengine, katika kisiwa hicho hicho na kwa maradhi hayo hayo, waliokuwa na nuru ya kuishi. Watu hao hawakuwa na cheo wala mali. Walikuwa na jambo au mtu aliyewafanya waione kesho kuwa ina maana.

Watafiti nao waliwafuatilia watu wazima 43,391 wa eneo la Ohsaki, kaskazini mwa Japani, kwa miaka saba, na matokeo yakatangazwa mnamo 2008. Waliosema hawana ikigai walifariki kwa wingi zaidi kuliko waliosema wanayo, khaswa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Sisi twaamini kuwa ajali i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na utafiti wa namna hii hauthibitishi kuwa lengo peke yake ndilo lililowarefushia umri. Lakini watukumbusha kuwa moyo uliokata tamaa huudhuru na mwili.

Sasa tuje kwetu. Muislamu haanzi kulitafuta lengo la maisha akiwa mikono mitupu. Katika Surat Adh-Dhariyat, aya ya 56, Mola wetu ametubainishia kuwa majini na watu wameumbwa ili wamuabudu Yeye. Na ibada haishii msikitini. Kwa nia njema, jasho la mvuvi anayewatafutia wanawe riziki ya halali huandikwa katika thawabu. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Mpandaji huyo hatarajii kula tunda lake wala kulipwa na mtu, na bado kazi yake ina thamani mbele ya Mola wake. Kwa hivyo lengo tumekwisha kupewa. Linalobaki ni kila mmoja kuujua mlango wake wa kulitumikia.

La pili ni mizani. Japani hiyo hiyo ina neno karoshi, kufa kwa sababu ya kufanya kazi kupita kiasi, na mnamo 2014 ilibidi sheria itungwe kulizuia jambo hilo. Basi bidii bila ya mizani si hikima. Salman alipomzuru nduguye Abu Dardaa, alimkuta amezama katika saumu na sala za usiku hata amemsahau mkewe. Akamueleza kuwa Mola ana haki yake, nafsi ina haki yake na ahali wana haki yao, na kila mwenye haki apewe. Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman.

Yapo mengine yanayokaribiana. Wazee wa Okinawa hushika desturi ya kuacha kula kabla ya kushiba kabisa, nasi tumefundishwa kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Wana pia moai, vikundi vya marafiki wanaochangiana fedha na kusaidiana, mfano wa vyama vya akina mama zetu. Mambo kama haya hayana ubaya kuyachukua. Yanayohusu itikadi na ibada zao hayatuhusu.

Nawausia basi mambo matatu. Mzee aliyestaafu asiachwe barazani kama mzigo. Apewe mjukuu wa kumfundisha Qur'ani, au kijana wa kumrithisha ufundi wake. Kijana anayengoja kazi ashike jambo moja lenye manufaa kila siku, hata kama halina malipo, na aliwekee nia. Na kila mmoja wetu, kabla ya kulala, aihasibu nafsi yake: leo nimempa nani haki yake, na nani nimemnyima?

Mwenyezi Mungu atujaalie umri wenye manufaa na mwisho mwema. Amin. Wabillahi tawfiq.