Fedha Zikiangukia Namba Isiyokusudiwa

Wananchi wa Busia, Malaba na Mutukula hufika vituoni mwetu na shauri lile lile: fedha zilizotumwa kwa simu zimeangukia namba isiyokusudiwa, na kampuni ya simu haijazirejesha. Hutuomba tuiamuru kampuni ilipe. Mamlaka hayo hatunayo. Kukosea tarakimu si jinai, na mlango wa kwanza wa kubisha ni kampuni yenyewe.

Jambo zito hapa ni muda. Wengi humpigia kwanza yule aliyezipokea, wakimsihi; naye, asipokuwa mwaminifu, huenda kwa wakala na kuzitoa mara moja. Ipigie kampuni kwanza. Huweza kuzizuia fedha zikiwa bado zimo katika akaunti ya mpokeaji. Zikishatolewa, haina cha kuzuia. Ujumbe wa muamala usiufute, kwa maana ndani yake mna namba ya muamala, saa na kiasi. Kisha udai namba ya malalamiko, uiandike pamoja na jina la mhudumu na siku aliyoahidi jibu. Malalamiko yasiyo na namba ni mazungumzo tu: kesho simu itapokewa na mhudumu mwingine, nawe utaanza upya.

Jibu lisipokuja, andika barua, uipeleke katika ofisi ya kampuni, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo utakayoiwasilisha Benki Kuu ya Uganda, inayosimamia huduma hizi chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020.

Sisi tuishio mipakani tuna utata wetu, maana wengi tuna laini mbili. Laini ya Kenya hulalamikiwa Kenya, hata kama ulituma ukiwa umesimama upande wa Uganda. Na ikishindikana, shauri huenda Benki Kuu ya Kenya. Ya Tanzania vivyo hivyo, kwa Benki Kuu ya Tanzania.

Kazi yetu huanza palipo na udanganyifu: kwa mfano, mtu ajifanyaye mhudumu wa kampuni, akakuomba namba ya siri ati akurejeshee fedha. Hakuna mhudumu wa kweli aihitajiye namba hiyo. Ukipatwa na hayo, njoo kituoni na simu yenyewe, ujumbe wote ukiwamo, pamoja na namba ya malalamiko.