Tangi Dogo la Samaki wa Makombe: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Miongoni mwa samaki wa mapambo wamo wadogo watokao Ziwa Tanganyika, ambao huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Dume aliyekomaa wa jamii moja yao, iitwayo kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, hufikia sentimita 5 tu, na jike ni mdogo zaidi. Kwa kuwa hutosheka na tangi dogo, huwavutia wanunuzi wasio na nafasi kubwa. Hata hivyo, mnunuzi anayechukua tangi na samaki siku moja huweza kuwapoteza wote kabla mwezi haujaisha. Katika makala haya tunaeleza jinsi mkazi wa Buigiri, au wa mahali pengine katika nyanda za kati, anavyoweza kuandaa makao yao kwa utaratibu unaolinda fedha zake na uhai wa viumbe hao.

Kombe ni nyumba

Katika Ziwa Tanganyika huishi konokono aitwaye Neothauma tanganyicense. Afapo, kombe lake hubaki chini ya ziwa kwa muda mrefu, kwa kuwa maji hayo yana madini mengi na hayaliyeyushi upesi. Samaki tunaowazungumzia huchimba mchanga na kulifukia kombe hadi ubaki mdomo wake tu. Humo hujificha, hutaga mayai na kulea watoto. Kwa hiyo kombe si pambo la tangi. Ni nyumba yao na kimbilio lao.

Maji ya nyumbani yanafaa?

Maji ya ziwa hilo ni magumu, yaani yenye madini mengi, tena yana hali ya alkali: kipimo chake cha pH huwa baina ya 8.5 na 9. Mkazi wa Buigiri ambaye sabuni yake haitoi povu kwa urahisi, na ambaye sufuria yake ya kuchemshia maji hushika ukoko mweupe, ana maji magumu. Ugumu huo, unaomchosha mfuaji, kwa samaki hawa ni faida.

Lakini tunatahadharisha kwamba maji magumu si sawa na maji ya chumvi. Visima vingi vya ukanda wa kati hutoa maji yenye ladha ya chumvi, na maji ya namna hiyo hayafai kujazwa tangini kwa sababu tu kwamba ni magumu. Tafuta chanzo kingine. Maji ya mvua nayo yana upungufu wa madini. Yasitumike peke yake. Nunua kwanza kifaa cha kupimia pH na ugumu wa maji, kisha ndipo uamue. Ikiwa unatumia maji ya bomba yaliyotiwa klorini, yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyamimina.

Vifaa vya kununua

Tangi la vioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 hubeba lita 54, na linatosha kundi dogo la samaki sita. Likijaa maji na mchanga huzidi kilo 60; kwa hiyo liwekwe juu ya meza imara, mbali na jua la dirishani.

Tandaza mchanga laini uliooshwa vizuri, wenye kina cha sentimita 5. Kokoto hazifai, kwa maana samaki hawawezi kuzichimba. Weka makombe matatu kwa kila samaki ili kupunguza ugomvi. Makombe ya konokono wakubwa wa nchi kavu yanafaa, mradi yamechemshwa, hayana rangi ya kupaka, na mdomo wake ni mpana kiasi cha samaki kuingia na kutoka bila kukwama.

Chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa ni la bei nafuu, tena halivuti watoto wa samaki. Hita nayo ni ya lazima: ziwa huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28, ilhali usiku wa Juni na Julai katika nyanda za kati ni wa baridi. Hita ya wati 50 yenye kidhibiti joto inafaa tangi la kiasi hiki. Hakikisha imeandikwa kuwa ni ya umeme wa volti 220 hadi 240, na uchomoe plagi kila unapotia mkono majini. Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi na usiwalishe samaki mpaka urudi.

Subira ya wiki sita

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota katika sifongo na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kukua. Jambo hili lina uzito zaidi kwa samaki wa Tanganyika, kwa kuwa amonia huwa kali zaidi katika maji yenye alkali.

Endesha tangi bila samaki kwa muda huo, ukitia chembe chache za chakula kila siku ili bakteria wapate lishe. Pima maji. Amonia na nitriti zitakapoonekana, kisha zikashuka hadi sifuri, ndipo tangi liko tayari. Baada ya samaki kuingia, badilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki.

Siku ya kununua samaki

Muulize muuzaji samaki wametoka wapi, wamekaa kwake kwa muda gani, na wamehifadhiwa katika maji ya pH ipi. Omba uwaone wakila. Samaki aliyefumba mapezi au anayehema juu ya maji asinunuliwe. Dai risiti inayotaja aina na idadi ya samaki, na uihifadhi. Ukiuziwa kisicholingana na maelezo uliyopewa, rudi kwa muuzaji mapema ukiwa na risiti hiyo. Asipokusikiliza, unaweza kupeleka lalamiko lako Tume ya Ushindani (FCC), yenye jukumu la kumlinda mtumiaji.

Mwisho, kundi likizaliana kupita uwezo wa tangi, wagawie wafugaji wengine walio na matangi tayari. Usiwamwage samaki hao katika bwawa la Buigiri, la Hombolo au mto wowote. Kiumbe mgeni aweza kuleta maradhi au kuwadhuru samaki wa asili wanaotegemewa na wavuvi, na akishaenea hakuna awezaye kumrudisha tangini.