Mchungaji Wetu Kasomea Wapi?

Mama mmoja Mjerumani, wa mtaani kwetu hapa Ujerumani, aliniuliza baada ya ibada kama mchungaji wetu kutoka Bukoba "ana masomo kamili". Kwa upole kabisa, ule unaochoma. Nilimmiminia kahawa nikanyamaza. Jibu naliandika hapa.

Kwetu Machame wamisionari wa Leipzig walifika mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakawafukuza, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Wachaga. Hazikufa. Chuo cha Makumira, karibu na Arusha, kimekuwa kikifundisha wachungaji tangu 1954: Kiyunani, Kiebrania, historia ya Kanisa, kuhubiri. Wengi huingia pale wakiwa wainjilisti waliokwisha kuzika watu na kufundisha kipaimara miaka mingi kabla ya kubarikiwa. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani. Na misioni ya Wuppertal, VEM, tangu 1996 ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, kwa hiyo watumishi hutumwa pande zote. Mchungaji wetu hakuja kuomba hifadhi, ametumwa.

Sasa niwaeleze kuhusu hawa wanaotukagua. Hapa sadaka inakatwa na serikali: asilimia 8 ya kodi ya mapato kule Bavaria na Baden-Württemberg, 9 kwingineko. Usipotaka, huendi kwa mchungaji wala kwa wazee wa kanisa. Unakwenda ofisi ya serikali na kitambulisho, unatia sahihi, unatoka. Mikoa mingi inakutoza na ada. Mtu anaachana na Kanisa kama anayefunga akaunti ya benki, na hakuna hata shangazi wa kumwuliza kulikoni! Halafu mchungaji wetu ndiye anayeulizwa vyeti.

Kijana wangu yuko darasa la kipaimara hapa. Wiki iliyopita walikwenda kupanda kuta za mazoezi. Nikamwuliza amri ya nne, akanijibu kwa Kijerumani kwamba hawakariri. Dada yake, wa miaka sita, ndiye aliyeijibu: waheshimu baba yako na mama yako. Alifundishwa na mchungaji wetu yuleyule kwenye mstari wa kahawa, na sasa anaitumia kunikumbusha kwamba bibi hajapigiwa simu.

Wazazi wenzangu mlioko huku, mwenye Katekisimo Ndogo ya Kiswahili ya ziada aniandikie. Yetu imejaa michoro ya tembo.