Kutu, Ukoko na Magamba: Istilahi za Chuma Kistahimilicho Joto

Fundi aliyefunzwa kwamba kila kinachoota juu ya chuma ni kutu, na kwamba dawa ya kutu ni msasa, ataharibu waya wa tanuri la umeme kwa mkono wake mwenyewe. Kosa si lake, bali ni la istilahi aliyopewa.

Waya huo aghalabu ni aloi ya chuma, kromi na alumini, ambayo ilibuniwa huko Uswidi yapata mwaka 1930. (Tunasema chuma kwa mkato, feleji na chuma cha pua zina ugomvi wake.) Ukipashwa moto, alumini hutangulia kuungana na oksijeni, ikafanya tabaka jembamba linaloizuia hewa kukifikia chuma. Kromi, ambayo ni kama sehemu 20 katika 100, huwezesha tabaka hilo kupatikana kwa alumini ya sehemu 5 tu. Aloi hii hustahimili joto lipitalo nyuzi 1300 za Sentigredi.

Lakini tabaka hilo ni kinga maadamu limeshika. Waya unapopoa, chuma hunywea kuliko tabaka lililo juu yake. Mshikamano ukiwa dhaifu, tabaka hubanduka. Adui wa mshikamano huo ni salfa. Hata ikiwa sehemu chache katika milioni, hujikusanya mpakani, pale chuma na tabaka vinapokutana, ikavilegeza. Elementi kama itriamu na seriamu, zikitiwa kidogo sana, huinasa salfa isifike mpakani. Manufaa ya elementi hizo yalijulikana tangu miaka ya 1930, ila hila ya salfa ilibainika katika miaka ya 1980. Kila tabaka libandukapo, au likwanguliwapo, alumini nyingine hutumika kulifanya jipya, hata ikaisha. Hapo chuma huliwa upesi.

Kwa hiyo tunapendekeza kutu libakie kuwa neno la chuma na unyevu. Tabaka lililoshika tuliite ukoko, na lililobanduka tuliite magamba. Wako wenzetu wanaopendelea utando, lakini neno hilo halidokezi kushika, hali kila mpishi aujua ukoko wa wali ulivyong'ang'ania sufuria. Ni kweli kwamba ukoko huo nao hukwanguliwa, tena wengine huugombania. Hata hivyo haung'oki kwa hiari yake. Kuhusu mahali pa kukutania, tumelikataa neno kiungo, kwa kuwa lina kazi nyingi mno mwilini na jikoni, tukachagua mpaka.