Viunzi vya vigunduzi vya chembe

Viunzi vya vigunduzi vya chembe ni miundo inayobeba na kushikilia mahali pake vifaa vinavyotambua chembe ndogo za maada katika majaribio ya fizikia. Vinatofautiana sana kwa ukubwa, kuanzia vibao vyembamba vya kaboni vinavyobeba vipande vya silikoni hadi fremu za chuma zinazobeba maelfu ya tani. Mifano mashuhuri iko CERN, kituo cha utafiti kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva, penye mashine ya LHC yenye mzingo wa kilomita 27. Humo mna vigunduzi vikubwa vinne, navyo ni ATLAS, CMS, ALICE na LHCb.

Makala nyingi kuhusu majaribio haya husifu sumaku na kompyuta zake, na kiunzi hakitajwi. Hata hivyo kipimo chochote kinachotolewa na kigunduzi hutegemea jambo moja: kujua kila kipande kiko wapi hasa.

Kwa nini mahali ni muhimu

Chembe yenye chaji ikipita ndani ya uga wa sumaku, njia yake hupinda. Wanafizikia hupima mpindo huo ili kupata momenta ya chembe. Kadiri momenta ilivyo kubwa ndivyo mpindo unavyokuwa mdogo. Katika ATLAS, ambayo ina urefu wa mita 46 na kipenyo cha mita 25, muoni yenye nishati ya elektronivolti trilioni 1 huvuka mita kadhaa za kigunduzi, na njia yake huachana na mstari ulionyooka kwa takriban nusu milimita tu. Ili kosa la kipimo lisizidi asilimia 10, nusu milimita hiyo inabidi ipimwe kwa usahihi wa mikromita 50, yaani pungufu ya unene wa unywele wa kawaida. Chumba kimoja cha kugundulia kikisogea kwa kiasi hicho bila mtu kujua, momenta itakayoandikwa haitakuwa ya chembe ile, na kompyuta haitalalamika.

Imara lakini chepesi

Mhandisi wa daraja akiwa na shaka huongeza chuma. Mhandisi wa kigunduzi hana ruhusa hiyo, kwa sababu chembe hupita ndani ya kiunzi chenyewe. Zikigonga maada nyingi hupotoka njiani, na elektroni hupoteza nishati kwa kutoa fotoni kabla hazijapimwa. Wanafizikia hulinganisha mata kwa kipimo kiitwacho urefu wa mnururisho, yaani umbali ambao elektroni yenye nishati kubwa ikiusafiri ndani ya mata fulani hubakiwa na theluthi moja hivi ya nishati yake. Kwa berili ni sentimita 35, kwa alumini karibu 9, kwa chuma 1.8, na kwa risasi chini ya sentimita 0.6.

Ndiyo maana sehemu za ndani karibu hazina chuma kabisa. Hutumika zaidi plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, ambayo ni nyepesi, ni ngumu kupinda, na haivutwi na sumaku. Katika kigunduzi cha ndani cha ALICE, kila tabaka kati ya yale yaliyo karibu kabisa na mgongano, pamoja na silikoni, mabomba ya kupozea na kiunzi, lina maada inayolingana na asilimia 0.35 hivi tu ya urefu wa mnururisho.

Wepesi huo hupatikana kwa umbo zaidi kuliko kwa wingi wa mata. Mhimili ulioegemezwa ncha zake mbili hulegea katikati kwa uzito wake wenyewe, na ukiongezwa urefu mara mbili bila kubadilisha unene, hulegea mara 16 zaidi. Dawa yake ni kuupa kimo: ubapa uliosimamishwa wima, bomba lenye uwazi ndani, au fito zilizounganishwa kwa pembetatu kama kenchi za paa.

Joto na unyevu

Vigunduzi vya silikoni hupozwa chini ya kiwango cha kuganda kwa maji ili kupunguza madhara ya mnururisho, lakini huundwa katika vyumba vyenye joto la kawaida. Fito ya alumini ya mita 1 ikishuka kutoka nyuzijoto 20 hadi 10 chini ya sifuri hufupika kwa karibu milimita 0.7. Kigunduzi chenye uwezo wa kutofautisha mikromita 10 hakiwezi kuvumilia hilo. Fito ya nyuzi za kaboni iliyopangwa vizuri hufupika kidogo mno. Hata hivyo ina tabia yake: resini inayoshika nyuzi hunyonya unyevu wa hewa, kisha hukauka na kusinyaa ndani ya gesi kavu ya kigunduzi, hivyo resini huchaguliwa kwa uangalifu.

Kwa kuwa mata tofauti hutanuka kwa viwango tofauti, kipande hakikazwi kwa bolti kila upande. Hushikwa katika nukta tatu: ya kwanza huzuia kusogea pande zote, ya pili huruhusu kuteleza kwa mstari mmoja, ya tatu hubeba uzito tu. Chungu hutulia juu ya mafiga matatu hata ardhi isipokuwa sawa. Figa la nne lingeleta mtikisiko au mkazo.

Kisa cha mwaka 2015

Mwaka 2014 ATLAS iliongezewa tabaka jipya la ndani liitwalo IBL, lenye vibao 14 vya kaboni vilivyopangwa sentimita 3.3 hivi kutoka kwenye njia ya miale. Mwanzoni mwa 2015, data za chembe zitokazo angani zilionyesha kwamba vibao hivyo vilikuwa vikipinda joto lilipobadilika, kwa takriban mikromita 10 katikati kwa kila nyuzijoto moja. Chanzo kilikuwa ukanda wa nyaya uliogandishwa kwa gundi upande mmoja wa kibao. Ukanda na kaboni havikutanuka sawa, na kibao kikapinda kama kile kipande cha metali mbili kinachozima pasi ya umeme.

Kuking'oa kigunduzi hakukuwa jambo jepesi. Badala yake joto lilidhibitiwa kwa ukaribu zaidi, na programu za kompyuta zikawekwa kukokotoa upya mahali pa vibao mara kwa mara kwa kutumia njia za chembe zenyewe. Suluhisho hilo lilihitajika zaidi baadaye mwaka huohuo, mnururisho ulipozifanya saketi zitumie umeme mwingi zaidi na hivyo kuongeza joto.

Viunzi vikubwa

CMS ilifuata njia nyingine. Kiunzi chake kikuu ni chuma kilekile kinachorudisha uga wa sumaku, kilichogawanywa katika vipande vikubwa. Kigunduzi kizima kina tani 14,000. Kiliundwa juu ya ardhi kwa sehemu 15, kisha kikateremshwa kwa winchi hadi chini, mita 100 hivi. Sehemu nzito kuliko zote, yenye tani 2,000 hivi, iliteremshwa tarehe 28 Februari 2007, huku nafasi kati yake na ukuta wa shimo ikiwa sentimita 20 tu.

Hata chuma kingi namna hiyo hakitulii. Sumaku inapowashwa, diski za mwishoni huvutwa kuelekea katikati kwa kiasi cha sentimita moja hivi. Wabunifu hawakujaribu kuuzuia msogeo huo wote. Waliweka vifaa vya leza na vihisi vya kuupima. ATLAS nayo hufuatilia vyumba vyake vya muoni kwa mwanga, ikilenga usahihi wa mikromita 30.

Kwa ALICE kunatengenezwa kigunduzi cha ndani kiitwacho ITS3. Silikoni yake, yenye unene wa mikromita 50 hivi, hukunjwa kuwa nusu bomba, na mkunjo wenyewe huipa ukakamavu, kama karatasi iliyoviringwa inavyoweza kusimama. Kiunzi kilichobaki ni vipande vya povu la kaboni tu.