Siku Moja kwa Miguu Katika Mji wa Qurtuba



Ndugu msomaji, wanafunzi wa chuoni wamezoea kusema "amesema Al-Qurtubi" pasi na kuuliza jina hilo limetoka wapi. Maana yake ni mtu wa Qurtuba, mji wa kusini mwa Hispania ambao wenyewe leo huuita Córdoba. Sisi tulilitaja jina hilo miaka mingi kabla Allah hajatujaalia kuutia mguu mji huo, asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, tukiongozwa na mwenyeji wetu, kijana wa Kimoroko anayeishi huko.

Tulianzia ng'ambo ya kusini ya mto. Wahispania huuita Guadalquivir, na sikio la aliyesoma Kiarabu halikawii kuisikia ndani yake Al-Wadi al-Kabir. Daraja la mawe lililo juu yake asili yake ni ya Warumi, na Waislamu walilitengeneza upya. Siku hizi magari hayapiti. Tulivuka polepole, tukisimama kila tulipopenda, hadi mlangoni mwa Msikiti Mkuu.

Uani mna michungwa, nayo ilikuwa katika maua. Harufu yake hatujaisahau. Mnara alioujenga Khalifa Abd al-Rahman III katika karne ya 10 ungalipo, ila umefunikwa ndani ya mnara wa kengele. Tukakata tiketi, tukaingia.

Ndani ni msitu wa nguzo, zaidi ya 800. Abd al-Rahman I alianza ujenzi katika miaka ya 780, na nguzo nyingi za mwanzo zilitolewa katika majengo ya Warumi na ya Wavisigothi. Zilikuwa fupi mno kwa jengo kubwa kiasi hicho. Mafundi wakaweka tao juu ya tao, matofali mekundu yakipishana na mawe meupe, na dari likainuka. Mbele kabisa ipo mihrabu ya Al-Hakam II, iliyonakshiwa kwa vijiwe vya dhahabu na aya za Qur'ani. Kati ya mihrabu hiyo na mlango tulioingilia limesimama kanisa zima, lililojengwa katikati ya nguzo kuanzia mwaka 1523; maana mji ulitekwa na Mfalme Fernando III mwaka 1236, na tangu hapo msikiti ukawa kanisa kuu.

Sala ya Kiislamu hairuhusiwi humo. Nasi tulikuwa tumesimama mbele ya mihrabu, saa nane na dakika ishirini, wakati wa Adhuhuri ulipoingia. Mwenyeji wetu alitutazama bila ya kusema neno. Tukiri kwamba magoti yalitaka kushuka. Lakini tuliingia kwa tiketi na kwa masharti yake, na Muislamu hutimiza sharti alilolikubali. Tena wakati wa Adhuhuri ni mpana, na msafiri ana ruhusa yake. Tukaikumbuka pia Hagia Sophia ya Istanbul, iliyokuwa kanisa kabla ya mwaka 1453, tukaona kuwa hatuwezi kulia kwa jicho moja. Tukatoka.

Tulipita vichochoro vya mtaa wa kale wa Mayahudi, kuta nyeupe na vyungu vya maua, mpaka nje ya ukuta wa mji lilipo sanamu la Ibn Rushd, ameketi na kitabu chake. Masanamu si jambo letu, lakini tulisimama kwa ajili ya mwenyewe. Alizaliwa hapa mwaka 1126, akawa kadhi hapa, na Bidayat al-Mujtahid yake ndiyo iliyotufunza, tukiwa vijana wakali, kwamba kila imamu aliyekhitalifu na wetu alikuwa na dalili yake.

Na Al-Qurtubi mwenyewe? Mji ulipoanguka alihama, akaishia Misri, na huko akafariki mwaka 1273. Tafsiri ile kubwa inayobeba jina la Qurtuba ni ya mtu ambaye mji wake ulikuwa umekwisha kumponyoka.

Kutoka hapo tulikwenda kaskazini, mwendo wa robo saa hivi, hadi msikiti mdogo ulio katika bustani ya mjini. Tukatia udhu, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye safu akatuuliza tulikotoka. Tukamwambia: Afrika Mashariki. Akauliza kama huko kuna wanaomjua Al-Qurtubi. Tukamjibu kwamba tafsiri yake tunaisomesha msikitini petu, kila Alkhamisi, baina ya Magharibi na Isha. Aliishika mikono yetu miwili asiiachie, akamwita mjukuu wake aje asikie.