Sufuria ya Uji Mudaka

Msafiri atokaye Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenda Kavumu huijua Mudaka kwa soko lake. Barabara ya Taifa namba 2 inapita kati ya mafungu ya maharagwe, magunia ya makala, mikungu ya ndizi na karai za sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na gari hulazimika kwenda taratibu kwa wingi wa watu. Akina mama wa vilima vya Kabare huteremka na mizigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na mara nyingi kifuani kuna mtoto. Msafiri hununua chake akaenda zake. Mimi nataka kuandika juu ya yaliyo nyuma ya soko, katika nyua zetu sisi Bashi, ambamo mtoto wa miaka miwili ndiye mwenye kupanga siku, na watu wazima wote, pamoja na starehe zao na siasa zao, hufuata mwendo wake.

Siku huanzia jikoni, na jikoni kwetu si mahali pa moto tu. Kando ya mafiga, nyuma ya kizuizi cha matofali machache, wanaishi simbilisi, wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa kote Kivu ya Kusini, hasa na akina mama na watoto. Binti yangu alimjua simbilisi kabla ya kuijua sahani yake mwenyewe. Akiamka tu huenda kuchuchumaa pale kizuizini na jani la kiazi kitamu mkononi, akalipenyeza polepole kwenye ufa hadi meno madogo ya upande wa pili yaanze kulivuta. Hapo hucheka, akanyoosha mkono kwa ndugu yake mkubwa kuomba jingine. Usipomletea haraka, atajaribu kumlisha hata kijiti cha kuni.

Mfugo huu ulipendwa zaidi katika miaka ya vita, kwa sababu iliyo wazi. Ng'ombe na mbuzi huonekana kutoka mbali, na mwenye bunduki akipita huondoka nao. Simbilisi hufichika chini ya kikapu. Anakula majani na maganda, anazaa upesi, na akiuzwa sokoni hutoa sabuni, daftari au dawa ya homa. Kwa hiyo kile ambacho mgeni angekiona ni mchezo wa mtoto ni pia akiba ya mama yake, na mtoto anajifunza kuitunza akiba hiyo kabla hajaweza kuhesabu hadi tatu.

Kisha unafuata uji. Wengi hupika masoso, mchanganyiko wa unga wa mahindi, soya na mtama. Mama mwenye uangalifu huongeza kijiko cha sambaza waliokaushwa na kusagwa. Samaki hawa hawakuwa wenyeji wa ziwa letu. Waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ni vigumu kufikiria chakula cha Bukavu na vijiji vyake bila wao.

Uji huu una historia nzito, na yeyote anayeuona kuwa jambo la kawaida aongee na wazee. Watamwambia habari za bwaki, ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki na ugali wa muhogo peke yake: miguu na mashavu yanavimba, nywele zinapauka na kuwa nyekundu, mtoto hataki tena kucheza wala kushikwa. Ulikuwa umeenea sana hata mjini Bukavu ikazaliwa Comité Anti-Bwaki mwaka 1965, kamati ya kupambana nao, na huko Lwiro hospitali ya watoto imewapokea wagonjwa wa bwaki kwa miongo mingi. Haujaisha hadi leo. Kila mwezi akina mama hupeleka watoto kwenye kilo, wakawaninginiza kwenye mizani na kuangalia mstari wa kadi unapanda au unashuka. Nimewaona wanawake wasiosoma herufi hata moja wakiusoma mstari ule barabara, na mstari ukishuka wanarudi nyumbani kimya.

Hapa kuna desturi moja ninayoipenda na kuiogopa kwa pamoja. Mama akishika mimba nyingine, yule mtoto anayetembea hupelekwa kwa bibi yake kwa miezi kadhaa. Kwa bibi atalala mgongoni pa mtu asiye na haraka, atasikia hadithi za sungura na za chui, atajifunza Mashi safi, lugha yetu, kabla Kiswahili cha sokoni hakijamwingia. Mtoto aliyepitia mikono ya bibi hujulikana: huamkia wakubwa bila kuambiwa, akipewa kitu hukipokea kwa mikono miwili na kusema "koko", yaani asante. Lakini bibi naye ni maskini, na mara nyingi shamba lake limebaki na muhogo tu. Anayempelekea bibi mtoto bila kumpelekea maharagwe na sambaza amempa mzigo, na bwaki huanzia hapo hapo. Nimelisema hili mbele ya ndugu zangu na nitaendelea kulisema.

Mchana mtoto ni wa yaya. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume, na msichana wa miaka minane huweza kumfunga mdogo wake mgongoni kwa kikwembe akacheza naye kamba bila kumwamsha. Jirani akimwona mtoto barabarani humrudisha uani, akimwona na pua chafu humfuta, akimwona anatukana humkemea, na hakuna mzazi anayeuliza umekuwa nani kumkemea mwanangu. Msichana mdogo huitwa "mama" na kila mtu, mvulana huitwa "papa". Mzee wa miaka sabini humwambia kitoto cha miaka miwili, "Mama, njoo unisalimie," naye hunyoosha mkono kwa heshima yote. Jambo lisilonipendeza ni kwamba wanaume tumejiweka pembeni katika kazi hii. Mwanamume anayembeba mtoto mgongoni akipita senta bado hutazamwa. Mimi humbeba, na ninawaomba vijana wafanye hivyo, maana mama aliyetoka kubeba gunia kutoka kilimani hapaswi kubebeshwa mtoto tena.

Starehe zetu ni chache lakini zina mizizi. Wazee wana kasiksi, pombe ya ndizi: ndizi zinaivishwa shimoni, zinakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, juisi inachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa, na baada ya siku chache inaanza kuchemka yenyewe. Mnyauko wa migomba, ulioonekana kwa mara ya kwanza Kongo huko Masisi mwaka 2001 na kuenea baadaye hadi huku kusini, uliangusha mashamba mengi, na mahali pengine mtungi wa kasiksi ukawa wa sikukuu tu. Vijana wana mpira. Wakubwa hugawanyika kati ya timu za OC Muungano na Bukavu Dawa, wadogo hufunga majani makavu ya migomba ndani ya mfuko wa plastiki na kuanza mechi yao ukingoni mwa barabara.

Lakini starehe kubwa ya Mudaka, ile inayowakusanya watu wa rika zote, ni kuimba. Kuna kwaya kwa Wakatoliki na kuna kwaya kwa Waprotestanti, na mazoezi ya jioni hujaa watoto wadogo, kwa sababu mama mwimbaji huja na mwanawe. Mtoto husinzia kati ya sauti ya tatu na ya nne. Zamani palikuwa na lulanga pia, zeze la ubao lenye nyuzi ambalo mpigaji wake alikuwa mwimbaji na msimulizi kwa wakati mmoja, akiwasifu wenye nyumba na kuwachoma palipostahili kuchomwa. Siku hizi wapigaji wake ni wachache mno, na ningependa shule zetu ziwaite kabla hawajaondoka wote.

Katika nyimbo ndimo siasa yetu ilimokaa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani Alan Merriam, mtafiti wa muziki, alikuja kurekodi kwa Bashi. Katika shamba moja la mzungu aliwarekodi wasichana vibarua, na mwenye shamba alikuwa pale pale akisikiliza. Waliimba kwamba zamani walikuwa wakipewa chumvi na mafuta, sasa wamenyimwa. Kwamba yasiporudishwa watahamia kwa mapadri, kwenye kazi nyepesi na mafuta tele. Kabla ya hapo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemkabili bwana kwa maneno ya kawaida. Wimbo uliwapa kinga: aliyeimba hakuwa mtu fulani, walikuwa wote. Ninawafikiria mara nyingi wasichana wale. Hawakuzungumzia uhuru wa nchi wala katiba. Walizungumzia mafuta ya kupikia, na bwana akaelewa kwamba wanazungumzia utawala wake.

Hadi leo maoni ya siasa kwetu hutoka hivyo, kupitia sufuria. Redio ndiyo huyachochea. Radio Maendeleo imesikika Bukavu tangu mwaka 1993, Radio Okapi iliongezeka mwaka 2002, na jioni baba hukaa na redio sikioni na mtoto magotini, huku jirani akisogea na kigoda chake. Mtoto anataka kuzungusha kitufe, anapigwa kofi dogo la mkono, habari zinaendelea. Baada ya habari kila mtu hutoa lake. Mtu wa nje angedhani wanabishana juu ya vyama. Wanabishana juu ya bei ya unga, juu ya daraja lililoondoka na mvua, juu ya mshahara wa mwalimu. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yabaki katika mikoa yanakokusanywa. Mpaka sasa hatujauona utaratibu huo ukifanya kazi, na kila mzazi wa Mudaka anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali ambapo fedha hizo zingekaa. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Septemba 2019, na hilo nalisifu kwa moyo wote, hata kama madarasa yalijaa kupita kiasi, kwa sababu nilishuhudia wasichana wakubwa wakikaa kwenye dawati kwa mara ya kwanza. Cheti cha kuzaliwa ni bure ukimwandikisha mtoto ndani ya siku 90. Wazazi wengi hawajui, siku hupita, na mtoto hukua bila karatasi ya kuthibitisha kwamba ni wa nchi hii. Katika mkoa ambao uraia umezua vita, mzazi asilichukulie hilo kuwa jambo dogo.

Halafu vita vyenyewe. Mabibi zetu wanahesabu mara vilipotufikia: Oktoba 1996, Agosti 1998, Juni 2004. Tarehe 14 Februari 2025 waasi wa M23 waliuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na siku mbili baadaye Bukavu. Barabara inayopita mbele ya soko letu ndiyo njia kati ya Kavumu na Bukavu. Watu walifungasha kwa haraka wanayoijua: mtoto mgongoni, unga kichwani, na wengine simbilisi kikapuni. Mabenki yalifungwa, ndege zikaacha kutua, na mazungumzo ya jioni yakapungua sauti. Msimamo wangu mimi ni ule ule niliokuwa nao kabla ya hapo. Nataka Kongo moja, yenye jeshi linalolipwa na kula vizuri lisije kula mbuzi wa raia, na viongozi wanaochaguliwa. Wala sikubali kwamba bunduki ya yeyote, awe wa mbali au wa karibu, imenipa haki yoyote ambayo sikuzaliwa nayo. Naandika hivi nikiwa na mtoto ndani ya nyumba, na ni kwa ajili yake ninaandika.

Kuna siasa nyingine ambayo haitangazwi redioni, nayo ni ya ardhi. Vilima vyetu vina watu wengi, na sehemu kubwa ilimezwa tangu ukoloni na mashamba makubwa ya chai na kwinini. Familia nyingi zimebaki na kipande ambacho mama anakipalilia chote kwa asubuhi chache. Kwa mila, shamba hupatikana kwa kalinzi: mtu humtolea mwami, yaani mtawala wa jadi, au mjumbe wake ng'ombe au mbuzi, naye hupata haki ya kudumu ambayo wanawe wa kiume watairithi. Asiyeweza kalinzi hukodi kwa bwasa, msimu kwa msimu, na haruhusiwi kupanda migomba wala miti. Sheria ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni ya dola. Vilimani kalinzi iliendelea. Naiheshimu, kwa kuwa ilizilinda familia nyingi wakati ambapo dola halikuwalinda. Lakini binti yangu hayumo ndani yake. Sheria ya familia ya Kongo inawapa watoto wote haki ya kurithi, wa kike na wa kiume, lakini mila inamtuma msichana akalime kwa mume, na mume akifa au akimfukuza, arudi kuomba kona kwa kaka zake.

Wanawake wanaolima kilima hiki, wanaouza mazao yake sokoni na kukilisha, ndio wasio na jina kwenye kilima. Nimekwisha kuwaambia ndugu zangu kwamba sehemu yangu ya shamba la baba nataka igawanywe kwa watoto wangu wote, na kwamba jina la binti litajwe mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi, kalinzi yake itolewe kama ya mvulana. Mkubwa wetu alinyamaza. Wa pili aliuliza kama nataka watu wa ukoo mwingine walime kwenye makaburi yetu, na swali lake ni la haki, linahitaji jibu la kutulia. Mke wangu alipendekeza mwanzo mdogo: mstari wa migomba ulio nyuma ya jiko uandikwe kwa mtoto, tuone kama mbingu zitaanguka. Tumekubaliana kukutana tena wote, na shangazi zetu wakiwepo safari hii, baada ya mavuno ya maharagwe ya Juni.